Sikio linalotoa usaha halingoji mtoto akue

Ninafundisha mwaka wa tatu wa shule ya msingi huku Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, na sikumbuki mwaka hata mmoja ambao darasa langu lilikosa mtoto mwenye sikio linalotoa usaha. Wenzake humhepa kwenye benchi kwa sababu ya harufu, mzazi wake huniambia kwamba ni mambo ya utotoni yatakayoisha akikua, na mtoto mwenyewe hujifuta kwa mkono wa shati bila kulalamika, kwa kuwa haumwi. Mwaka huu nilimsindikiza binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka minane, katika idara ya ORL, yaani masikio, pua na koo, ya hospitali moja ya hapa mjini. Niliyoyaona na kuelezwa huko yamenithibitishia jambo ambalo nataka kila mzazi na kila mwalimu wa mji huu alisikie: sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya majuma mawili ni sikio linaloendelea kuharibika, na kulisubiri ni kumpunguzia mtoto usikivu wake kidogo kidogo.

Inafaa kwanza tujue usaha huo unatoka wapi. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, kiitwacho sikio la kati, na hewa hiyo huingia kupitia mrija mwembamba unaoanzia nyuma ya pua, pale juu ya koo. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi kuliko wa mtu mzima, tena umelala zaidi, hivyo vijidudu vya mafua hupanda kwa urahisi kutoka puani hadi sikioni. Ndiyo maana katika mji wetu, ambao mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na ambamo watoto wengi hulala wamebanana katika vyumba vyenye moshi wa jiko, mafua na masikio huandamana. Usaha ukijaa katika chumba kile husukuma kiwambo, mtoto hulia usiku kucha kwa homa na maumivu, kisha kiwambo hupasuka, usaha hutoka nje na maumivu hutulia. Mzazi humshukuru Mungu kwamba mtoto amepona, ilhali sasa kuna tundu. Mara nyingi tundu hilo hujifunga lenyewe, hasa sikio likitunzwa likiwa kavu. Lisipojifunga, maji ya kuogea huingiza vijidudu vya nje katika chumba ambacho hakikuumbwa kupokea maji, na usaha haukomi tena. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba usaha uliodumu siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu, ambao matibabu yake hayafanani na ya sikio lililoanza kuuma jana.

Siku ya kwanza, baada ya kulipia fishi, yaani karatasi ya mgonjwa, na kungoja zamu yetu, nilishangaa kuona kwamba daktari hakuanza na sikio. Alianza na maswali, akimwelekea wifi yangu, mama wa mtoto: Usaha ulianza lini? Una harufu? Umewahi kuwa na damu? Mtoto huona kizunguzungu? Aliwahi kuugua surua au homa ya uti wa mgongo? Aliwahi kudungwa sindano za gentamisini alipokuwa mchanga, au kutundikiwa kwinini kwa ajili ya malaria? Maswali haya mawili ya mwisho yalimshtua wifi, kwa sababu ni nani kati yetu ambaye hakuwahi kutundikiwa kwinini? Daktari alimweleza kwa upole kwamba gentamisini ni dawa inayookoa maisha ya watoto wachanga, lakini inaweza kuua seli za sikio la ndani, na usikivu unaopotea kwa njia hiyo haurudi. Kwinini huleta mvumo masikioni na kupunguza usikivu, ingawa kwa kawaida hali hiyo hupita dawa inapokwisha mwilini. Alitaka kujua mapema kama uziwi wa binti yetu uko katika sikio la kati, mahali ambapo mkono wa mpasuaji unaweza kufika, au katika sikio la ndani, mahali ambapo haufiki.

Ndipo akachukua otoskopu, kile kifaa chenye taa na kioo cha kukuza, akachungulia. Hakuona kitu ila usaha. Muuguzi akamshika mtoto kichwa, akamwambia, "Tulia, mama, itapiga kelele lakini haiumi," na daktari akaingiza mrija mwembamba wa mashine ya kunyonya mpaka sikio likawa safi. Kisha akaniruhusu na mimi nichungulie, kwanza katika sikio zima, halafu katika lile gonjwa. Kiwambo kizima ni kitu cha kupendeza sana kukitazama: kina rangi ya kijivu inayong'aa, kipenyo chake ni takriban sentimita 1, na ni chembamba kiasi kwamba kivuli cha mfupa mmoja mdogo huonekana kikipita ndani yake. Kile cha sikio la kushoto kilikuwa chekundu na kinene, chenye tundu la mviringo katikati, na kupitia tundu lile niliona ukuta wa ndani wa chumba uking'aa kwa unyevu. Daktari alisema tundu la katikati linampa matumaini. Analoliogopa ni tundu la pembeni, juu kabisa, lenye magamba meupe na harufu kali isiyokoma, kwa sababu hapo ngozi huwa imeota ndani ya sikio la kati na kuendelea kula mifupa bila mtoto kuhisi lolote, na ugonjwa wa namna hiyo hauponi bila operesheni.

Baada ya hapo alichukua uma wa chuma wa kupimia sauti, unaotetemeka mara 512 kwa sekunde, akaupiga kwenye kiwiko chake na kuweka kitako chake katikati ya paji la uso la mtoto. "Unausikia upande gani?" Mtoto akaonyesha kushoto, upande wa sikio gonjwa. Wifi alinitazama akiwa na mashaka kwamba mtoto hakuelewa swali. Kumbe jibu lilikuwa sahihi kabisa. Sauti inayopita katika mfupa wa kichwa hufika moja kwa moja kwenye sikio la ndani, na ikiwa sikio hilo la ndani ni zima ilhali la kati limeziba au limeharibika, mgonjwa huisikia kwa nguvu zaidi upande mbovu, kwa kuwa upande huo haufunikwi na kelele za chumbani. Kama neva ndiyo iliyokufa, angeonyesha upande mzima. Kipimo hiki kina jina la Mjerumani Ernst Heinrich Weber wa karne ya 19, na kinahitaji kipande cha chuma tu, bila umeme. Jambo hilo si dogo katika mji ambao umeme hukatika unapotaka.

Kipimo cha mashine kilithibitisha jibu la chuma. Mtoto alikalishwa katika chumba kidogo kisichopitisha kelele, akavalishwa visikizio, akapewa vifuniko vya chupa na kuelezwa kwamba kila anaposikia mlio, hata ukiwa mdogo vipi, atupe kifuniko kimoja katika beseni. Aliufurahia mchezo huo. Milio ilianzia mizito ya hertzi 250 hadi miembamba ya hertzi 8000, na muuguzi alikuwa akichora kwenye karatasi, duara jekundu kwa sikio la kulia na alama ya mkasi ya bluu kwa la kushoto. Maduara yalijipanga juu, mahali pa usikivu wa kawaida. Alama za bluu zilianguka karibu na desibeli 40, yaani mlio ulipaswa kufikia nguvu hiyo ndipo ausikie. Lakini kifaa kilipowekwa juu ya mfupa nyuma ya sikio lile lile, alama zilirudi juu. Pengo lile kati ya mistari miwili lilituonyesha kwamba sikio la ndani li hai, na kwamba kinachokosekana ni njia ya kulifikia.

Njia yenyewe ni ya ajabu. Kiwambo hutetemeka kama ngozi ya ngoma, na mtetemo wake hupokewa na mifupa mitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ambayo ndiyo midogo kuliko yote mwilini. Kikuku kina urefu wa takriban milimita 3. Kwa kuwa kiwambo ni kikubwa mara 17 hivi kuliko kitako cha kikuku, nguvu yote iliyokusanywa juu ya eneo pana husukumwa katika eneo dogo, na hivyo sauti hafifu ya hewani huweza kuyatikisa maji ya sikio la ndani. Tundu likiwepo, sehemu ya nguvu hiyo hupotea. Usaha ukikaa miaka, huenda fuawe ikaliwa kwenye ncha yake, mnyororo ukakatika, na upotevu ukafika hata desibeli 60.

Sasa nizungumze kama mwalimu, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaribiana hufika takriban desibeli 60. Mtoto mwenye upungufu wa desibeli 40 katika masikio yote mawili, aliyekaa benchi la nyuma katika darasa lililojaa, chini ya bati linalopigwa na mvua, husikia kwamba mwalimu anasema lakini hasikii anasema nini. Irabu zina nguvu, kwa hiyo humfikia. Konsonanti hafifu kama s, f na t humpotea. Katika Kiswahili, lugha anayoisikia tangu mgongoni kwa mama yake, anaweza kukisia sehemu iliyokosekana. Katika Kifaransa hawezi. Nikisoma imla na kutamka "faim" (njaa), anaandika "pain" (mkate), nami nikiwa na haraka ninaweka mstari mwekundu. Mtoto huyu huitwa mzito, mzembe au mkaidi, hurudia mwaka, na wazazi wakiona minerval, yaani karo ya shule, inapotea bure humtoa shuleni ili amsaidie mama yake sokoni. Nawaomba walimu wenzangu wamtazame kwa makini yule anayegeuza kichwa upande mmoja mnapomwita, anayetazama midomo yenu kuliko ubao, anayejibu baada ya kumwona mwenzake akijibu, na anayezungumza kwa sauti ya juu kuliko wengine. Mwekeni mbele, sikio lake zima likiwaelekea, wala msizungumze mkiwa mmempa kisogo, kisha mwiteni mzazi.

Kuhusu matibabu, jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tukilijua ni kwamba kukausha sikio ni nusu ya tiba. Dawa ya matone ikidondoshwa juu ya usaha huelea hapo hapo na kutoka nao, bila kugusa mahali penye ugonjwa. Muuguzi alimwonyesha wifi kazi hiyo hatua kwa hatua, kisha akamtaka aifanye mwenyewe mbele yake. Unanawa mikono kwa sabuni. Unachukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au karatasi laini lakini imara isiyochanika, unaisokota iwe utambi wenye ncha, unauingiza sikioni taratibu na kuuacha mpaka ulowane. Unautoa, unautupa, unaweka mwingine, hadi utambi utoke mkavu. Vijiti vya pamba havifai, wala njiti ya kiberiti, wala karatasi ya chooni inayokatikia ndani. Kazi hii hufanywa angalau mara 3 kwa siku, na kila mara sikio likikauka ndipo matone ya siprofloksasini hufuata. Chupa hushikwa kiganjani kwanza ili ipate joto la mwili, kwa kuwa tone la baridi humpa mtoto kizunguzungu cha ghafla na kumfanya aikatae dawa. Mtoto hulala kwa ubavu, sikio huvutwa juu na nyuma, matone huingizwa, kisha ile nyama ndogo iliyo mbele ya tundu la sikio hubonyezwa mara kadhaa ili dawa isukumwe ndani. Anabaki amelala dakika chache. Matibabu hayo huchukua majuma mawili, na wengi huyaacha pale usaha unapopungua, ilhali kupungua si kukauka.

Kuna kituo cha afya ambacho kabla ya hapo kilimpa binti huyu vidonge vya amoksisilini, tena na tena, bila mtu yeyote kuchungulia sikioni mwake. Nimekasirika kwa hilo na bado sijatulia. Kijidudu kinachopatikana mara nyingi katika masikio sugu huitwa Sudomonasi, nacho amoksisilini haikiwezi hata kidogo. Isitoshe, dawa ya kunywa hufika kwa uchache katika sikio lenye makovu, wakati tone lililowekwa juu ya mahali palipokaushwa hufika likiwa na nguvu yake yote. Otoskopu si mashine ya hospitali kubwa. Ni kifaa cha mkononi, kinatumia betri, na ninaamini kila kituo cha afya kinapaswa kuwa nacho pamoja na mtu aliyefundishwa kukitumia. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuiwa. Hapa kwetu ninaiamini hesabu hiyo, kwa sababu nimewaona watoto wenyewe.

Nyumbani nako tuna mazoea yetu. Wapo wanaomimina mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, maziwa ya mama, utomvu wa majani, au unga wa vidonge vilivyosagwa. Kwenye sikio lenye tundu, kila kimiminwacho huingia moja kwa moja katika sikio la kati, na kisipokuwa safi huongeza ugonjwa. Hata baadhi ya matone ya famasia ni ya kuogopwa: yale yenye gentamisini au neomisini yanaweza kupenya hadi sikio la ndani na kuharibu ile sehemu ambayo kwa binti yetu bado ni nzima. Kwa hiyo asinunuliwe mtoto matone kwa kutaja tu kwamba "anaumwa sikio". Maji pia ni adui. Mtoto mwenye tundu haogelei ziwani hata wenzake wote wakienda, na akioga, kipande cha pamba kilichopakwa vaselini huziba mlango wa sikio.

Zipo dalili ambazo hazisubiri miadi: uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, uso uliopinda upande mmoja, kizunguzungu chenye kutapika, kichwa kinachouma sana pamoja na homa, shingo iliyokakamaa, au mtoto anayelala lala isivyo kawaida. Ukuta kati ya sikio la kati na ubongo ni mfupa mwembamba mno, na usaha unaweza kuupita. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Daktari alimtazama pia pua na koo, na nikaelewa kwa nini viungo hivi vitatu viko chini ya idara moja. Mtoto anayekoroma kila usiku na kupumua kwa mdomo huenda ana nyama zilizovimba nyuma ya pua, mahali ule mrija unapoanzia, na sikio lake halitatulia mpaka hizo zishughulikiwe. Kwa binti yetu hazikuwa kubwa. Wifi aliuliza kuhusu kukata kilimi, jambo ambalo bibi mmoja wa jirani alilipendekeza, na daktari alikataa kata kata: kilimi hakina uhusiano wowote na usaha wa sikio, na kukikata kwa wembe mtaani kumewaletea watoto kutokwa na damu na pepopunda.

Sikio la kushoto sasa limekauka, na tundu bado lipo. Daktari anataka likae kavu kwa miezi kadhaa kabla ya kuzungumzia operesheni ya kuliziba, ambayo kiraka chake hutolewa kwa mgonjwa mwenyewe, katika utando unaofunika msuli ulio juu ya sikio. Gharama ni ya familia, na kaka yangu ameanza kuweka akiba. Sitaficha kwamba kwa wazazi wengi wa darasa langu fedha hizo ni mlima, ilhali utambi, sabuni na chupa moja ya matone viko ndani ya uwezo wa wengi. Kwa mzazi atakayekwenda ORL kwa mara ya kwanza, nashauri aende na maboksi au karatasi za dawa zote ambazo mtoto amewahi kupewa, pamoja na kadi ya chanjo, kwa kuwa surua na nimonia huulizwa. Asubuhi hiyo asimimine kitu chochote sikioni. Na kabla ya kuondoka aombe nakala ya ile karatasi ya kipimo cha usikivu na kuitunza nyumbani, kwa sababu ziara inayofuata daktari atailinganisha na mpya, na fishi za hospitalini mara nyingine hupotea.